Maji ya bustanini: kabla ya kuchagua umbo, amua kitakachoyasafisha

Ukimwambia fundi wa bustani Dar es Salaam kwamba unataka kuweka maji uani, atatoa simu aanze kukuonyesha picha. Hii chemchemi ya mtungi, hii ya zege yenye ngazi tatu, hili bwawa lenye kidaraja, haya maporomoko ya mawe. Unachagua iliyokupendeza, mnakubaliana bei, kazi inaanza. Miezi michache baadaye nyumba nyingi hubaki na kitu cha aina moja: beseni la zege lenye maji ya kijani, pampu iliyoungua, majani yaliyooza chini, na mbu wanaowasumbua wenye nyumba pamoja na majirani.

Mafundi wengi wanajua kujenga. Kasoro iko kwenye mazungumzo yenyewe, kwa sababu picha haionyeshi jambo lililo kubwa kuliko yote: ni nini kitakachoyazuia maji hayo yasioze. Maji yaliyokaa mahali pamoja kwenye joto la pwani hupokea vumbi, majani, jua na wadudu kila siku. Ziko njia mbili za kuyaweka sawa. Ya kwanza ni mashine: pampu inayazungusha, hakuna kiumbe kinachofugwa ndani yake, na unatia dawa kidogo kuzuia utando. Ya pili ni uhai: mimea inafyonza mbolea iliyomo majini, samaki wanakula viluwiluwi vya mbu, bakteria wanavunja uchafu, na pampu, kama ipo, ni msaidizi tu. Mitungi, ngazi, madaraja na mawe ni mapambo yanayowekwa juu ya mojawapo ya njia hizo.

Balaa huanza pale zinapochanganywa bila mtu kujua. Anajenga chemchemi ya mashine yenye kina cha sentimita 20 na zege tupu, kisha mtoto anaomba samaki, naye anatia samaki wa dhahabu wanne. Tangu siku hiyo hawezi kutia dawa kwa sababu itawaua samaki, na wakati huohuo hakuna mimea wala kina cha kuwatosha. Haichukui muda maji yanageuka kijani. Au anachimba bwawa zuri la yungiyungi, halafu katikati anaweka mrusho, yaani maji yanayorushwa juu kwa pampu, unaolowesha majani mchana kutwa, ilhali yungiyungi hutaka maji yaliyotulia. Ukishaamua kwamba yako ni ya mashine au ni ya uhai, kina, mahali, pampu na matunzo vinajipanga vyenyewe.

Njia ya uhai si ngeni pwani. Kwenye nyumba za kale za mawe za Lamu, chumba cha kuogea kilikuwa na birika la maji, na ndani yake waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa ya birika palijengewa bakuli la kaure kutoka China. Maji yakipungua, au birika likisafishwa, samaki walibaki salama kwenye maji ya lile bakuli. Husuni Kubwa ya Kilwa ina birika la pembe nane la karne ya 14 ambalo wageni huenda kulitazama, na ni kazi ya kifalme kweli. Lakini mimi hulistaajabia zaidi lile bakuli la Lamu, kwa kuwa aliyelijenga aliiwaza mpaka siku ya maji kuisha.

Na hilo ndilo swali la kujiuliza kabla ya kununua chochote. Umeme ukikatika siku tatu, maji haya yatakuwaje? Ukisafiri wiki mbili kwenda kijijini mwezi wa Desemba, utayakuta katika hali gani? Bwawa lenye mimea na samaki wachache hustahimili. Chemchemi ambayo maji yake yamefichwa kwenye tangi chini ya ardhi, juu kuna mawe tu, nayo hustahimili, maana pampu ikizimika maji hushuka yakajificha. Isiyostahimili ni ile inayouzwa kwa wingi: beseni la wazi, kina kifupi, pampu ndogo. Ikizimika, kilichobaki ni dimbwi tulivu lililo mlangoni pako.

Mbu ndio mtihani wenyewe

Watu wengi huamini kwamba mbu hufuata maji machafu, hivyo maji yakionekana safi wanatulia. Mbu wa kyuleksi, yule anayevuma masikioni usiku, kweli hupenda maji ya mitaro na makaro. Anofelesi wa malaria hupendelea maji masafi yanayopigwa na jua. Aedesi anayeeneza dengue, ugonjwa uliolisumbua jiji la Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga kwenye vyombo: ndoo, matairi mabovu, visahani vya maua, na hilo beseni la chemchemi. Mayai yake anayanatisha ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja maji yapande tena. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kwenye vyombo na maji ya mashine, kuta lazima zisuguliwe kwa brashi ngumu kila wiki.

Katika joto letu, safari ya yai kuwa mbu anayeruka huchukua siku 7 hadi 10 hivi. Hesabu hiyo ndiyo inayotawala kila kitu. Chochote unachofanya dhidi ya viluwiluwi kifanyike angalau mara moja ndani ya siku 7, vinginevyo unawahi kizazi kimoja na kukosa kingine.

Pampu husaidia kwa sababu viluwiluwi huhitaji uso wa maji uliotulia ili vivute hewa. Ila inasaidia pale tu maji yanapochezacheza. Nyuma ya jiwe, kwenye kona ya beseni, ndani ya tawi la mapambo lenye tundu, maji hubaki yametulia hata pampu ikinguruma. Chukua tochi jioni, chuchumaa, angalia kona hizo. Kiluwiluwi cha kyuleksi au aedesi utakiona kinaning'inia kichwa chini, na ukigusa maji kinajipinda kuzama. Cha anofelesi hulala sambamba na uso wa maji. Ukiona chochote kati ya hivyo, mzunguko wako wa maji una upofu mahali hapo.

Kwenye maji ya mashine, dawa ya utando ni klorini ya jiki. Kijiko kikubwa kimoja, yaani mililita 15, kwa kila lita 100 za maji, ukitumia jiki ya kawaida ya asilimia 3.5, kinazuia utando wa kijani, lakini kwa mbu usikitegemee. Kwa mbu tegemea mzunguko, kusugua na kumwaga. Na shika hili vizuri: jiki isikutane kamwe na siki wala tindikali ya kusafishia chokaa. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nayo hudhuru mapafu.

Kwenye maji ya uhai, jiki hairuhusiwi hata tone. Hapo kuna viuadudu vya kibaiolojia, vinavyotokana na bakteria wanaoua viluwiluwi bila kuwadhuru samaki, vyura wala binadamu. Tanzania ina kiwanda chake cha viuadudu hivyo Kibaha, mkoani Pwani, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Tumia kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na urudie kwa wakati.

Halafu samaki. Gapi, yule mdogo ambaye dume lake lina mkia wa rangi, anatosha kabisa. Wachache tu kwenye bwawa dogo watazaana wenyewe, nao hula viluwiluwi kutwa nzima. Usiwamwage mtoni wala kwenye mabwawa ya asili wakizidi, maana huwavamia samaki wa asili. Sato na perege wengine usiwatie kwenye bwawa la mapambo: hukua wakubwa, huchimbachimba chini na kung'oa mimea. Ukitaka kufuga sato wa kula, hilo ni bwawa la aina nyingine kabisa lenye hesabu zake. Pwani yetu ina pia samaki wadogo wa asili wa jamii ya Nothobranchius, wanaoishi kwenye madimbwi ya msimu. Mmojawapo, Nothobranchius guentheri, asili yake ni Unguja. Dimbwi likikauka samaki wenyewe hufa, lakini mayai yao hubaki hai kwenye tope mpaka mvua irudi. Wanapendeza mno kuliko wengi wanaoletwa kwa ndege, na makazi yao yanafukiwa na majengo kila mwaka, hivyo wakiwa porini waachwe huko.

Nyumba yenye mtoto mdogo

Hapa sina maelezo mawili. Kama kuna mtoto wa chini ya miaka 5 nyumbani, au wajukuu huja wikiendi, au geti huachwa wazi na watoto wa jirani huingia, usiwe na maji ya wazi. Mtoto anayejifunza kutembea akianguka kifudifudi anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache, na huzama kimya, bila kelele za kumshtua mtu aliye jikoni.

Chagua chemchemi yenye tangi lililofichwa. Simtanki dogo au pipa la plastiki lenye ujazo wa lita 150 hadi 200 linafukiwa mpaka mdomo uwe sawa na ardhi. Juu yake unalaza wavu wa BRC, ule wa chuma wa kuimarishia zege, ukiwa mpana kupita mdomo wa tangi angalau sentimita 20 kila upande, juu ya wavu unatandika wavu mwembamba wa kuzuia kokoto, kisha mawe ya mtoni. Mtungi au jiwe lililotobolewa linasimama kwenye matofali ndani ya tangi au kwenye msingi wake pembeni, maji yanapanda kwa bomba, yanafurika mdomoni, yanateremka, yanapotelea kwenye mawe. Sauti ipo, ubaridi upo, mtoto anagusa na kulowa bila hatari. Kipande kimoja cha wavu kifanywe cha kufunguka, ili uifikie pampu bila kubomoa kila kitu.

Wapo wanaofunika bwawa la wazi kwa wavu wa BRC uliowekwa chini kidogo ya uso wa maji. Inawezekana, mradi umefungwa imara na unabeba uzito wa mtoto bila kubonyea. Wavu uliolegea ni mbaya kuliko kutokuwa na wavu, kwa kuwa unamnasa.

Mtungi wenyewe unahitaji kazi kidogo. Mtungi wa udongo wa kienyeji hupitisha unyevu, na unyevu huo ukikauka nje ndio unaoyapoza maji ya kunywa. Kwenye chemchemi sifa hiyo inakuwa hasara: maji yanapungua, na nje panatokea weupe wa chumvi. Upake ndani kwa lami ya maji au uji wa saruji yenye dawa ya kuzuia maji, tabaka mbili, ukauke kabisa kati ya moja na nyingine.

Pampu, upepo na uniti

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi la pampu, tuseme lita 2,000 kwa saa, ni ya maji yanayotoka bila kupandishwa hata sentimita moja. Kadiri bomba linavyopanda ndivyo kiasi kinavyopungua, na kwenye kimo cha juu kabisa kilichoandikwa, tuseme mita 2, hakuna tone linalotoka. Pampu hiyo ikipandisha mita 1, tegemea karibu nusu. Kimo hupimwa kuanzia uso wa maji ya tangi hadi pale maji yanapotokea, si kuanzia ardhini.

Kwa maporomoko, kipimo wanachokitumia wajenzi wengi ni lita 150 hivi kwa saa kwa kila sentimita ya upana wa mdomo, ukitaka maji yashuke yakiwa pazia lisilokatika. Mdomo wa sentimita 30 basi unadai lita 4,500 kwa saa, baada ya kimo kukata sehemu yake. Watu wananunua pampu ya lita 1,000, wanajenga mdomo wa nusu mita, kisha wanashangaa kuona maji yanachuruzika kwenye kona moja. Afadhali mdomo wa sentimita 10 wenye maji ya kutosha.

Mrusho nao una kanuni yake: urefu wa maji yanayoruka usizidi umbali kutoka kwenye tundu hadi ukingo wa beseni. Pwani punguza zaidi. Kusi ikivuma miezi ya katikati ya mwaka, mrusho wa mita moja kwenye uwanja wazi unaishia kwenye nguo zilizoanikwa, na tangi linakauka pampu ikiendelea kuzunguka. Pampu za kuzamisha hupozwa na maji yanayozizunguka. Ikizunguka kwenye hewa haichukui muda kuungua.

Sauti ijaribu kabla ya kujenga. Chukua ndoo yenye maji na jagi, mimina kutoka sentimita 15, kisha 30, kisha 60, ukiwa umeketi pale barazani utakapokaa. Maji yanayoangukia kwenye maji ya kina kirefu hutoa sauti nzito. Yanayoangukia jiwe hutoa sauti kali na kurusha matone. Pia ingia chumbani usikie, kwani sauti inayopendeza saa kumi jioni inaweza kuudhi saa nane usiku.

Umeme si mwingi, lakini hesabu ifanyike. Pampu ya wati 40 ikizunguka saa 24 hula karibu uniti 29 kwa mwezi. Kwa mteja mdogo wa TANESCO aliye kwenye kundi la bei nafuu lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hizo zinaweza kumvusha mpaka akaingia bei ya juu, na hapo gharama halisi inazidi uniti zenyewe. Maji ya mashine yanaweza kuzungushwa saa chache asubuhi na jioni kwa kutumia swichi ya saa. Kwa maji ya uhai mambo hugeuka: ukilazimika kuchagua, pampu ifanye kazi usiku. Mchana mimea hutoa oksijeni. Usiku mimea na samaki wote huitumia, na kabla ya alfajiri ndipo hupungua kabisa. Ukiona samaki wanahema juu ya maji saa kumi na mbili asubuhi, hicho ndicho kinachowasumbua.

Pampu ndogo za sola zinazoelea zinafaa kwa chemchemi ya kupendezesha macho, ila nyingi hazina betri: wingu likipita zinakata.

Kwa usalama, pampu ya volti 12 au 24 yenye transfoma iliyowekwa mahali pakavu ni chaguo langu kila mara. Ukitumia ya volti 230, fundi umeme mwenye leseni aweke kikata umeme kinachonasa uvujaji wa miliampia 30, waya upite ndani ya bomba lililofukiwa, na soketi iwe na kifuniko cha mvua. Waya uliounganishwa kwa selotepu ndani ya maji ni hatari ya kifo, na kabla ya kutia mkono majini chomoa kwanza.

Bwawa lenye uhai

Kwa bwawa, ukubwa ni rafiki. Maji mengi hupata joto polepole, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo: kwa nyuzi 20 lita moja hushika karibu miligramu 9, kwa nyuzi 30 ni karibu miligramu 7.5. Kwa Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar nisingechimba chini ya sentimita 60 mahali pa samaki. Arusha, Iringa au Nairobi, penye ubaridi, sentimita 45 zinavumilika.

Chagua mahali panapopata jua saa 5 au 6 kwa siku, hasa la asubuhi, kwani yungiyungi halitoi maua kivulini. Epuka chini ya mwembe, utaokota majani na maembe yaliyooza kila wiki. Kaa mbali na mkuyu na mianzi, mizizi yake hutoboa plastiki na kupasua zege. Karo la maji taka nalo likae mbali, na bwawa liwe upande wa juu wa mteremko.

Plastiki nzito ya kutandikia mabwawa ya samaki ndiyo njia ninayoipendekeza kwa nyumba ya kawaida. Kipimo chake: urefu wa bwawa, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sentimita 60 za kingo. Bwawa la mita 2 kwa 1.5 lenye kina cha sentimita 60 linahitaji plastiki ya mita 3.8 kwa 3.3. Ng'oa mizizi na mawe, tandika mchanga wa sentimita 5 au mazulia chakavu, ndipo ulaze plastiki. Chonga ngazi pembeni yenye kina cha sentimita 20, ya kusimamishia vyungu vya mimea. Ukingo uinuke sentimita 10 juu ya ardhi, la sivyo masika italeta tope na mbolea ya bustani ndani. Bomba la kufurikia ni lazima: mvua ya milimita 100 kwa siku moja, ambayo pwani si ajabu, hupandisha maji sentimita 10 hata kabla ya kuhesabu yanayotiririka kutoka kwenye paa. Furiko hilo lielekeze kwenye magimbi. Yanapenda unyevu, yanapendeza, na yanaliwa.

Maeneo ambayo maji ya ardhini yako juu, kama sehemu za bondeni za Mikocheni na Msasani, plastiki inaweza kusukumwa kutoka chini wakati wa masika ikainuka. Hapo jenga bwawa la juu ya ardhi kwa matofali, kimo cha kukalia, na umepata baraza ya ziada.

Zege nalo lina sharti. Saruji mpya hutoa chokaa inayoyafanya maji kuwa makali kwa samaki. Jaza, acha wiki moja, mwaga, rudia mara tatu au nne kabla ya kutia kiumbe chochote.

Mimea ifunike nusu hadi theluthi mbili ya uso wa maji. Yungiyungi la buluu ni la kwetu, linaota mabwawani na kwenye maziwa mengi ya Afrika Mashariki. Lipande kwenye chungu chenye udongo mzito wa mfinyanzi, juu weka kokoto. Mafunjo yanafaa kama yakifungiwa kwenye chungu. Gugu maji usilitie, hata ukipewa bure na hata likitoa ua zuri. Ziwa Victoria limekuwa likipambana nalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kipande kimoja kinachosombwa na mafuriko hadi mtoni kinatosha kuanzisha taabu nyingine. Mimea iliyotolewa mtoni ikague majani na mizizi, toa konokono wote, kwa sababu baadhi yao hubeba kichocho. Mzunguko wa kichocho hauwezi kukamilika bila mkojo au kinyesi cha binadamu kuingia majini, kwa hiyo bwawa la nyumbani si tishio kubwa, lakini tahadhari hiyo haigharimu kitu.

Maji ya bomba yenye klorini yaache yakae siku mbili kabla ya kutia samaki. Ya kisima chenye chumvi yajaribu kwa mimea michache kwanza; yungiyungi halivumilii chumvi. Maji ya mvua kutoka paani ndiyo bora kuliko yote.

Kisha subira. Wiki za mwanzo maji yatakuwa ya kijani na moyo utakusukuma uyabadilishe. Usibadilishe. Bakteria wanaogeuza sumu ya kinyesi cha samaki kuwa mbolea ya mimea huchukua wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha, na kila ukimwaga maji na kusugua kuta unawarudisha mwanzo. Anza na samaki wachache, walishe kidogo sana au usiwalishe kabisa. Makombo ya ugali na wali yanayotupwa na wageni ndiyo huharibu mabwawa mengi kuliko kitu kingine. Vyura watakuja na watapiga kelele masika. Kereng'ende nao watakuja, na watoto wao wa majini wanakula viluwiluwi. Anayehofia nyoka afyeke nyasi zinazozunguka bwawa na asirundike mawe wala kuni karibu.

Maji yakipungua

Uso wa maji ulio wazi pwani hupoteza milimita 4 hadi 6 hivi kwa siku kwa kukauka. Bwawa la mita za mraba 3 kwa hiyo linahitaji lita 12 hadi 18 kila siku, na maporomoko au mrusho huongeza. Ukiongeza ndoo moja kwa siku, usipate wasiwasi. Ukiongeza ndoo tano, chunguza.

Jaza ndoo maji, isimamishe kwenye ngazi ya ndani ya bwawa, juani palepale. Weka alama ya usawa wa maji ndani ya ndoo na nyingine kwenye ukingo wa bwawa, zima pampu, ngoja saa 24. Vikipungua sawasawa, ni jua na upepo. Bwawa likipungua zaidi ya ndoo, kuna uvujaji kwenye plastiki au zege. Kama bwawa halikupungua zaidi, lakini pampu ikiwashwa maji yanapotea, kasoro iko kwenye bomba au kwenye maporomoko, mara nyingi jiwe moja linalorudisha maji nje ya ukingo. Kwa uvujaji wa bwawa lenyewe, wahamishe samaki kwenye beseni kubwa lenye maji yaleyale, acha maji yashuke mpaka yatakaposimama yenyewe. Tundu liko kwenye mstari huo au juu yake kidogo. Futa utando kwa kitambaa kuzunguka mstari huo, papasa kwa kidole polepole, na ukilipata likaushe kabisa kabla ya kubandika kiraka.